Mdoli Wenye 1966 Mgongoni

Wajukuu zangu, sogeeni huku nyuma ya jiwe, maana upepo wa hapa kwetu Mwankoko leo umekuja na vumbi lake lote. Nataka kuwasimulia habari ya mdoli.

Siku ya gulio mwenzenu mmoja alirudi nyumbani na mdoli wa plastiki alioutoa chini kabisa ya lundo la mitumba. Aliununua shilingi elfu moja. Nywele zake za njano zilikuwa zimesokotana kama mkia wa mbuzi aliyelala kwenye miiba, na nyuma, chini kidogo ya kiuno, palikuwa na maandishi madogo: Mattel, jina la watengenezaji wa Barbie, na mwaka 1966. Basi! Jioni ile nyumba nzima ilijaa habari za utajiri. Mtu alikuwa amemwambia kwamba Barbie wa zamani huuzwa Marekani kwa mamilioni, naye akawa ameshazipangia hela zote matumizi: baiskeli, viatu vya shule, mabati ya bibi yake. Beseni lilikuwa tayari, povu limejaa, anataka auoshe ung'ae kabla mnunuzi hajatokea.

Nikamwambia, "Subiri kwanza, mama. Kitu cha zamani kinasomwa kwanza, kuosha baadaye."

Tukakaa tukausoma. Barbie wa kwanza aliingia sokoni mwaka 1959, bei yake dola 3. Kwa hiyo 1966 si mbali, sivyo? Hapo ndipo wengi wanapokosea. Mwaka ule wa mgongoni ni wa kusajili umbo la mwili. Kiwanda kiliendelea kutumia umbo hilohilo miaka na miaka, kwa hiyo midoli iliyotengenezwa miaka ishirini au thelathini baadaye nayo ina 1966 mgongoni. Ni kama mwaka ulioandikwa juu ya mlango wa shule yenu: unasema jengo lilijengwa lini, hausemi mwanafunzi alizaliwa lini. Chini ya namba tukasoma pia jina la nchi, Malaysia. Wale Barbie wa mwanzo kabisa walitengenezwa Japani.

Barbie wa kwanza kabisa wa 1959 anajulikana kwa miguu yake. Kila unyayo una tundu lenye kibomba cha shaba ndani, la kumsimamishia kwenye kigingi chake. Nguo aliyotoka nayo ni ya kuogelea, yenye mistari myeupe na myeusi kama punda milia. Tazameni na masikio: hereni za zamani zilikuwa na madini yanayoota kutu ya kijani, na ile kijani huingia kwenye plastiki ikapunguza bei. Nywele zikikatwa, bei inashuka tena. Sanduku lake likiwepo, bei inapanda, kwa sababu watoto wengi walilitupa siku ileile ya kwanza.

Na bei yenyewe? Ninyi ni watoto wa Singida, kuku wa kienyeji mnawajua. Mwuzaji wa barabarani anaweza kumtajia abiria wa basi elfu arobaini. Je, hiyo ndiyo bei ya kuku? Bei ya kuku ni ile iliyobaki mkononi mwake basi lilipoondoka. Ukiambiwa mdoli fulani unauzwa mamilioni, uliza uliokwisha kununuliwa, unaofanana na wako, wenye hali kama ya wako, ulinunuliwa kwa kiasi gani.

Mdoli wa mwenzenu haukuwa na tundu unyayoni, wala viatu, wala sanduku, na nywele za upande mmoja zilikuwa zimekatwa. Uliendelea kuwa mdoli wa elfu moja. Alinyamaza, macho yakajaa. Ili nimtulize, nikamsimulia habari za mwanasesere mwingine, wa hapahapa nchini, ambaye mimi nampenda kuliko Barbie wote.

Huko pwani na nyuma yake, kwa Wazaramo, Wakwere, Wadoe na Waluguru, yupo mwana hiti. Huchongwa kwa mti, au hutengenezwa kwa kibuyu kidogo. Hana mikono. Mwili ni kama kipande cha mchi, una matiti madogo na kitovu, na kichwani nywele zimechongwa mafungu mawili yaliyosimama, katikati pana mfereji. Mwali alipowekwa ndani kufundwa alipewa mwana hiti amlee: amwogeshe, ampake mafuta, amtengeneze nywele, kama mama na mtoto wake. Alipomaliza, mwanasesere alitunzwa hadi apatikane mwali mwingine wa ukoo. Baadhi yao leo wamo kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani, nyuma ya vioo.

Thamani ya mwana hiti inasomwa kwa mkono. Mshike anavyoshikwa mtoto. Pale kiganja kinapokaa, kama ni wa kale, mti umelainika na kung'aa kwa mafuta ya miaka mingi. Ndani ya mifereji ya nywele, vidole visipofika, umebaki mkavu na mweusi zaidi. Wapo watu wanaochonga kipya wakakipaka rangi ya viatu, au wakakifukia ardhini kizeeke upesi. Hapo weusi unakuwa sawasawa kila mahali, hata pasiposhikwa. Mkono wa mlezi haupiti sawasawa kila mahali. Sasa mnaona kwa nini nililiogopa lile beseni: kwa mwana hiti, povu la dakika tano lingeondoa kazi ya mabibi watatu.

Na si kila cha kale ni cha kuuzwa. Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na vitu vya jadi namna hii havitolewi nje ya nchi bila kibali. Akija mgeni mwenye haraka na noti mkononi, mwambieni asubiri, kisha nendeni kwa wazee, au waulizeni watu wa Makumbusho ya Taifa.

Leo mkifika nyumbani, tazameni juu ya dari na nyuma ya mitungi. Mkikuta mwanasesere wa zamani, wa mti, wa kibuyu au hata wa gunzi, msimwoshe. Mwulizeni bibi alikuwa wa nani, alipewa lini na alitoka kijiji gani, mkaandike kwenye daftari bibi akiwa bado anakumbuka.