Breveti inafika mpaka wapi? Kesi ya mawimbi ya sauti chini ya bahari

Wandugu wahitimu, juu ya uvumbuzi tunaongeaka sana, lakini swali la kujua uvumbuzi ni wa nani, na mpaka wapi, tunawaachiaka wanasheria. Tuangalie kesi moja ya kweli kule Marekani: WesternGeco na ION.

Tuanze na fizikia. Ukigonga tikiti maji kwa kidole, mlio wake unakuonyesha kama limeiva. Kutafuta petroli chini ya bahari ni vile vile. Meli inapiga mlio mkubwa, wimbi linapita majini karibu mita 1500 kwa sekunde, linaingia kwenye miamba, na kila tabaka linarudisha sehemu yake. Nyuma ya meli kuko kamba za kilomita nyingi zenye vipokea sauti. Shida ni mikondo ya maji: inazisukuma, zinapinda, hata zinasokotana, na picha inaharibika. WesternGeco ilikuwa na breveti juu ya kuongoza kamba hizo kushoto na kuume.

ION ikatengeneza vipande Marekani, ikavituma inje. Wateja wake wakaviunganisha huko, wakashindana na WesternGeco. Kesi ikafunguliwa 2009. Mwaka 2012, wananchi waliochaguliwa kuamua kesi walisema ION ilipe dola milioni 93,4 kwa faida iliyopotea, na milioni 12,5 kwa matumizi ya breveti.

Mahakama ya rufani ikafuta zile 93,4: kandarasi 10 zilipotelea inje, na breveti ya Marekani haivuke mpaka. Lakini tarehe 22 Juni 2018, Mahakama Kuu, kwa sauti 7 juu ya 2, ikakataa. Kosa lenyewe, kutuma vipande, lilifanyika ndani ya Marekani. Basi hasara inahesabiwa hata kama ilitokea mbali.

Haikuishia hapo. Ofisi ya breveti ilikuwa imekwisha kubatilisha sehemu ya madai ya breveti hizo, njo maana 2019 hesabu ya pesa ilirudishwa chini kuangaliwa upya. Breveti si jiwe, inaweza kuvunjika.

Na kwetu? Sheria n° 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982 njo inaongoza mambo haya. Breveti ya Kongo haikulinde inje, na ya inje haikulinde Kongo. Tena, uvumbuzi lazima uwe mpya. Kwa hiyo wewe uliyetengeneza mashine ya kukausha muhogo kwa ajili ya memwari yako, mbele ya kutuma picha na vipimo vyake kwa watu wote, uliza kwanza namna ya kuomba breveti. Ukiishaionyesha hadharani, upya wake unaweza kupotea, na hakuna jaji atakurudishia.