Waridi hustawi Pwani, ila si kwa kanuni za bara

WAPENZI wengi wa maua katika mwambao wa Malindi na Kilifi wamewahi kununua miche ya waridi iliyoletwa kutoka bara, wakaipanda kwa matumaini, kisha wakaishuhudia ikinyauka kabla ya kaskazi kumalizika.

Baada ya hasara ya pili au ya tatu, mtu hukata shauri kwamba waridi si mmea wa Pwani. Hata hivyo, wapo majirani ambao miwaridi yao imedumu miaka mingi katika mtaa uo huo, na aghalabu siri yao si fedha bali ni kuyajua mazingira yao.

Ni kweli kwamba mwaridi hupenda ubaridi. Mashamba makubwa yanayouza mawaridi Ulaya yako Naivasha, takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingine za nyanda za juu. Huko mchana kuna jua na usiku kuna baridi, hivyo tumba hukua polepole na ua huwa kubwa.

Malindi mambo ni kinyume. Usiku ni nadra joto kushuka chini ya nyuzi 20, na miezi ya Januari hadi Machi huwa ya hari kali. Tumba hufunguka upesi, petali huwa chache na rangi hufifia. Anayetarajia ua la dukani lenye kikonyo kirefu atavunjika moyo. Anayetaka ua la bustani lenye harufu nzuri ana nafasi ya kufaulu.

Wahenga wa mwambao waliijua tofauti hiyo. Halwaridi ambayo wageni hurashiwa kwa mrashi katika harusi na maulidi ilizoeleka kuletwa kwa majahazi kutoka Arabuni na Uajemi. Na huko nako waridi la marashi hulimwa milimani. Nchini Oman hulimwa Jabal Akhdar, takriban mita 2,000 juu ya bahari, wala si Muscat iliyo ufuoni. Nchini Saudia hulimwa Taif mlimani, wala si Jeddah.

Jambo la kwanza analopaswa kuzingatia mtunza bustani wa Pwani ni aina ya mmea. Mawaridi yenye asili ya Uchina, ambayo huwa na maua madogo na huchanua mara kwa mara, hustahimili joto kuliko yale ya kisasa yaliyokusudiwa kukatwa na kuuzwa.

Jambo la pili ni udongo. Mwaridi hupenda udongo wenye uchachu kidogo, yaani kipimo cha pH cha 6 hadi 6.5. Watamu na sehemu nyingi zilizo karibu na bahari zimekaa juu ya miamba ya matumbawe, na udongo wake una chokaa nyingi.

Katika udongo kama huo, mizizi hushindwa kufyonza madini ya chuma hata kama yapo. Dalili yake ni majani machanga kugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Watu wengi hudhani mmea una kiu, wakazidisha maji, na hali ikazidi kuwa mbaya.

Dawa yake ni kuchimba shimo pana, la takriban nusu mita kila upande, na kulijaza udongo mwekundu kutoka sehemu za Magarini au kwingineko mbali na matumbawe, uliochanganywa na samadi iliyooza vyema na mboji. Asiyeweza kuchimba mwambani na apande katika chungu kikubwa chenye matundu chini. Majivu ya jikoni yasitiwe kabisa, kwa kuwa huongeza hali ile ile ya chokaa.

Katika udongo wa mchanga kuna adui mwingine asiyeonekana, nao ni minyoo wadogo wanaoshambulia mizizi na kuifanya iwe na vifundo. Mboji nyingi husaidia kuwapunguza makali. Katika jimbo la Florida, Marekani, ambako kuna joto, mchanga na minyoo kama Pwani yetu, watunza bustani hupandikiza mawaridi yao juu ya shina la aina iitwayo Fortuniana, ambalo mizizi yake huvumilia hali hiyo.

Jambo la tatu, na ndilo huua miwaridi mingi, ni maji. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina maji ya munyu. Mwarubaini na mnazi huweza kuyavumilia, lakini mwaridi hauwezi. Kingo za majani huungua na kuwa kahawia, na ukoko mweupe huonekana juu ya udongo.

Maji ya mfereji yanayotoka Baricho, kando ya Mto Sabaki, yanafaa zaidi, ila hayapatikani kila siku na yana gharama. Kwa hivyo ni busara kuteka maji ya mvua wakati wa masika na kuyahifadhi katika tangi kwa ajili ya miezi ya kiangazi. Miche miwili au mitatu iliyo na maji safi ya uhakika ni bora kuliko kumi inayotegemea kisima cha chumvi.

Mwaridi umwagiliwe shinani, asubuhi, kwa kipimo cha kutosha kufika chini ya mizizi, mara mbili au tatu kwa wiki. Kumwagia kidogo kidogo kila jioni huleta mizizi ya juu juu inayoungua jua likiwaka. Ardhi ifunikwe kwa majani makavu au makumbi ya nazi, lakini si makumbi yaliyofukiwa ufuoni kwa ajili ya kamba, maana hayo yamejaa chumvi.

Mmea pia ukingwe dhidi ya upepo wa bahari kwa ukuta au ua wa miti. Katika miezi ya kaskazi, kipande cha makuti kinachozuia jua la alasiri huweza kuuokoa.

Masika nayo huja na maradhi yake. Ukungu unaoleta madoa meusi huhitaji jani liwe na unyevu kwa takriban saa saba ndipo uambukize. Ndiyo maana miche isisongamane, na majani yaliyoanguka yaokotwe na kuchomwa. Wakati wa ukame huja utitiri mwekundu, ambao hujificha chini ya majani; hao hupunguzwa kwa kuyarushia maji safi kwa nguvu asubuhi.

Kwa vile Pwani haina majira ya baridi kali, mwaridi haulali. Kuukata sana kama wafanyavyo Wazungu kwao ni kuudhoofisha. Inatosha kuondoa matawi makavu na kupunguza theluthi moja masika yakimalizika, mwezi Juni, ili uchanue wakati wa kipupwe, Julai na Agosti, hali ya hewa inapokuwa nzuri zaidi.

Maarifa mengi ya aina hii hayapatikani katika karatasi za maelezo zinazoambatana na miche. Hupatikana kwa watu waliojaribu. Kitabu maarufu cha Gardening in East Africa, kilichohaririwa na Dkt A. J. Jex-Blake na kuchapishwa mwaka wa 1934, kilitokana na uzoefu wa wanachama wa chama cha watunza bustani nchini na wa watumishi wa serikali.

Kwa hivyo, kabla ya kununua mche, mtembelee jirani ambaye mwaridi wake umevuka kaskazi mbili au tatu. Muulize ana mwaridi wa aina gani, anatoa wapi maji, alitia nini shimoni na huukata lini. Kisha muombe kipande cha tawi.

Tawi linalofaa ni lililomaliza kuchanua, lenye unene wa penseli na urefu wa sentimita 15 hadi 20. Ondoa majani ya chini, lichomeke hadi nusu katika mchanga safi wenye mboji, uliweke kivulini na kulifunika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Likipona, litakuwa na mizizi baada ya wiki sita hadi nane. Wakati wa masika ndio bora kwa kazi hii.

Tahadhari ni mbili. Makasi yasafishwe kwa spiriti kabla ya kuhama kutoka mti mmoja hadi mwingine, ili yasisambaze maradhi. Pili, aina nyingi mpya zinalindwa na sheria ya haki za wagunduzi wa mimea, hivyo si halali kuzizalisha kwa biashara bila idhini. Miwaridi ya kale ya nyumbani haina kizuizi hicho.

Na aliyepewa tawi likashika, naye ampe jirani mwingine. Faida yake si hisani pekee: ule wa kwanza ukifa, utajua pa kwenda kuomba mwingine wa mbegu ile ile.