Katalogi ya Maktaba ya Shule: Kazi Isiyoonekana na Mafunzo Inayoyahitaji

Utangulizi

Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwahimiza waanzishe shule na kuzitunza. Karibu na mwisho wa waraka ule aligusia habari za maktaba. Hakuridhika na kusema tu kwamba vitabu vikusanywe. Alionya dhidi ya kurundika vitabu vya kila namna pasipo kuchagua, kisha akayataja mafungu yaliyostahili kuwamo: Maandiko Matakatifu, vitabu vya kujifunzia lugha, vya elimu mbalimbali, vya sheria na uganga, na vya historia. Basi, katika mapokeo yetu wazo la maktaba ya shule lilihusu uchaguzi na mafungu tangu mwanzo, wala halikuhusu wingi wa vitabu peke yake.

Tunalikumbusha jambo hili kwa sababu ya yale tuliyoyaona tulipoitwa kusaidia katika shule moja ya sekondari. Chumba cha maktaba kilikuwa kizuri na rafu zilijaa. Vitabu vilipangwa kwa majina ya waliovitoa: rafu hii ya usharika rafiki wa ng'ambo, ile ya mfadhili fulani, nyingine ya mmisionari aliyestaafu. Mwanafunzi wa kidato cha tatu alikuwa ameomba kitabu cha elimu ya mimea akaambiwa hakipo. Siku ya pili ya kazi yetu tulikuta nakala nne za kitabu cha namna hiyo, mbili katika rafu ya mfadhili mmoja na mbili ndani ya sanduku ambalo halijafunguliwa. Vitabu vilikuwapo, ila njia ya kuvifikia haikuwapo. Mpango ule ulimheshimu mtoaji ukamsahau msomaji.

Katika makala hii tunakusudia kueleza katalogi ni nini, hufanywaje katika shule, na ni mafunzo gani yanahitajika ili kazi hiyo idumu. Tunawaandikia wachungaji na wanafunzi wa theolojia kwa sababu wengi wao huketi, au wataketi, katika bodi za shule.

1. Katalogi ni nini?

Katalogi ni kumbukumbu iliyopangwa ya vitabu vyote vya maktaba, inayomwonyesha msomaji kilichomo na mahali kilipo. Mwaka 1876 Mmarekani Charles Ammi Cutter alieleza makusudi yake kwa namna ambayo haijapitwa na wakati. Kwanza, mtu aweze kukipata kitabu akijua jina la mwandishi, au jina la kitabu, au mada yake. Pili, aweze kuona maktaba ina vitabu gani vya mwandishi fulani au vya mada fulani. Tatu, asaidiwe kuchagua, kwa mfano kati ya toleo la zamani na jipya.

Ni vema ieleweke kwamba daftari la mapokezi si katalogi. Daftari hilo huandikwa kwa kufuata siku vitabu vilipoingia, nalo ni la lazima kwa ajili ya kutunza mali. Lakini mwanafunzi anayetafuta habari za udongo hawezi kusoma kurasa mia za daftari. Daftari humjibu mkaguzi wa hesabu, na katalogi humjibu msomaji.

2. Hatua za kazi

Hatua ya kwanza ni kukieleza kitabu: mwandishi, jina la kitabu, toleo, mchapishaji, mwaka, na idadi ya kurasa. Habari hizi huchukuliwa katika ukurasa wa jina ulio ndani, wala si katika jalada, kwa maana jalada mara nyingine hufupisha au hubadilisha jina.

Hatua ya pili ni kuamua majina yatakayomwongoza msomaji. Mfano mzuri ni tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare. Mwaka 1963 ilitoka kwa jina la Julius Caezar, na baada ya kusahihishwa ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Msomaji mmoja atatafuta kwa jina la Shakespeare, mwingine kwa jina la Nyerere, wa tatu kwa jina la kitabu. Ikiwa kuna kadi moja tu, wawili kati yao wataondoka mikono mitupu. Hapana budi kila mlango kati ya hiyo mitatu uwe na kadi yake, na matoleo yote mawili yaonyeshwe kuwa ni kazi moja.

Hatua ya tatu ni kutaja mada kwa maneno yasiyobadilika. Mwalimu mmoja akiandika "Kilimo", mrithi wake akaandika "Ukulima", na wa tatu "Mashamba", vitabu vya mada moja vitatawanyika mahali patatu. Maktaba ndogo nyingi duniani zimetumia orodha ya maneno ya mada iliyoanzishwa mwaka 1923 na Minnie Earl Sears. Orodha ile ni ya Kiingereza. Shule inayotaka kuwahudumia wanafunzi kwa Kiswahili yapaswa kuwa na daftari lake la mada, lenye neno lililochaguliwa na maneno mengine yanayoelekeza kwake: "Ukulima, tazama Kilimo".

Hatua ya nne ni uainishaji, yaani kukipa kitabu namba inayokiweka pamoja na ndugu zake. Mfumo wa Desimali wa Melvil Dewey, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1876, huigawa elimu katika mafungu makuu kumi. Dini ni 200, sayansi ni 500, ufundi na matumizi ya sayansi ni 600, fasihi ni 800, historia na jiografia ni 900. Kilimo kipo 630 na mahindi 633.15, historia ya Tanzania ipo 967.8, fasihi ya Kiswahili 896.392. Kwa shule, namba fupi hutosha. Shule yenye vitabu ishirini vya kilimo haina haja ya kupita 630.

Hatua ya mwisho ni kubandika lebo kwenye mgongo wa kitabu na kukiweka rafuni. Namba ya lebo na namba ya kadi zikitofautiana, kazi yote iliyotangulia imepotea.

3. Makosa yanayorudiwa

La kwanza ni kupanga kwa lugha badala ya mada. Tumekuta rafu iliyoandikwa "Kiswahili" ikiwa na riwaya, kitabu cha ufugaji wa kuku, na katekisimu. Mwanafunzi wa kilimo haendi huko, kwa sababu anadhani ni rafu ya somo la lugha. Kwa njia hiyo vitabu ambavyo angevielewa kwa urahisi zaidi ndivyo asivyoviona.

La pili linahusu majina ya Kiafrika. Kanuni nyingi za katalogi zilitungwa na watu ambao kwao jina la mwisho ni la ukoo. Kwetu jina la pili mara nyingi ni la baba. Vitabu vya Shaaban Robert (1909–1962) vyaweza kuandikwa chini ya "Robert" na mtu mmoja, na chini ya "Shaaban" na mwingine. Katika maktaba ya shule, hasara kubwa zaidi hutokea pale njia zote mbili zinapotumika bila utaratibu. Shule na ichague moja, iiandike, na iweke kadi ya kuelekeza kutoka kwa ile nyingine.

La tatu lawahusu wanatheolojia moja kwa moja. Dewey aliupa Ukristo nafasi kubwa, kuanzia 220 hadi 289, na dini nyingine zote akazisonga katika 290. Uislamu upo 297, na dini za jadi za Afrika zipo chini ya 299.6. Mgawanyo huo haupimi umuhimu wa dini hizo. Ni kumbukumbu ya mahali na wakati mfumo ulipozaliwa. Shule zetu huwapokea wanafunzi wa imani mbalimbali, nao wana haki ya kuona vitabu vinavyowahusu vimeandikwa wazi katika katalogi na kupangwa kwa uangalifu uleule. Mtunza maktaba asiyejua historia ya mfumo atadhani hayo ni maagizo. Aliyefundishwa ataufuata mfumo huku akijua mipaka yake.

4. Je, kompyuta itatuponya?

Twaulizwa mara kwa mara kama katalogi ya kadi haijapitwa na wakati. Ni kweli kwamba tangu miaka ya 1960, Maktaba ya Bunge la Marekani ilipobuni namna ya kuandika katalogi ili isomwe na mashine, kazi hii imebadilika sana. Leo ipo programu ya Koha, iliyoanza kutumika nchini New Zealand mwaka 2000, ambayo hutolewa bila malipo ya leseni. Kadhalika mtunza maktaba mwenye intaneti aweza kunakili maelezo ya kitabu yaliyokwisha kuandikwa kwingine, na vitabu vingi huwa na maelezo hayo nyuma ya ukurasa wa jina.

Hata hivyo kompyuta hutunza kile ilichopewa. Ikipewa "Kilimo", "Ukulima" na "Mashamba", itayatunza yote matatu kwa uaminifu. Aidha, maelezo ya vitabu vya Kiswahili vilivyochapishwa hapa nchini hayapatikani kwa urahisi kwingine, na lazima mtu aliyefundishwa ayaandike mwenyewe. Kwa hiyo shule inayonunua kompyuta kabla ya kumfundisha mtu imeanza na paa kabla ya msingi. Shule yenye kadi zilizoandikwa vizuri haina sababu ya kuona haya, nayo siku ya kuhamia kwenye kompyuta itakuwa na kitu cha kuhamisha.

5. Mafunzo yanayohitajika

Afrika Mashariki haikukosa mahali pa kujifunzia. Shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki ilianzishwa Makerere mwaka 1963. Tanzania ina Bodi ya Huduma za Maktaba, na chuo chake cha ukutubi na utunzaji wa nyaraka kipo Bagamoyo. Tatizo tuliloliona sisi lipo shuleni. Maktaba hukabidhiwa mwalimu mwenye vipindi vingi, bila mafunzo wala saa zilizotengwa. Anapoanza kuelewa, huhamishwa.

Tunapendekeza ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni ya mwalimu msimamizi, ambaye anahitaji kozi fupi ya likizo itakayomwezesha kuandika kadi kamili, kutumia namba fupi za Dewey, na kutunza daftari la mada. Mafunzo hayo yafanyike kwa vitabu vya shule yake mwenyewe, maana aliyefundishwa kwa mifano ya ugenini pekee hukwama siku ya kwanza anapokutana na kitabu cha mashairi kisicho na mwaka wa kuchapishwa.

Ngazi ya pili ni ya mtunza maktaba wa kudumu. Huyu asomeshwe cheti au stashahada ya ukutubi, kisha apewe mshahara na nafasi inayomfanya abaki. Ngazi ya tatu ni ya wanafunzi wasaidizi. Kijana aliyejifunza kupanga vitabu kwa namba na kutafuta kwa mada amepata ujuzi utakaomfaa hadi chuo kikuu.

Zaidi ya hayo, kila shule iwe na daftari la maamuzi. Humo iandikwe kwamba majina ya waandishi tumeyaandika hivi, tafsiri tumeziweka pale, namba zetu zinaishia hapa. Daftari hilo ndilo linalomfundisha mrithi baada ya mtangulizi kuhamishwa. Wawili wakifundishwa pamoja na maamuzi yakiandikwa, uhamisho wa mtu mmoja hautaiua maktaba.

6. Wajibu wetu

Mchungaji aliye mjumbe wa bodi ya shule hatakiwi kuwa mkutubi. Anatakiwa kuuliza maswali matatu kila mwaka: Ni vitabu vingapi vilivyoingia ambavyo bado havijaingizwa katika katalogi? Ni nani aliyefundishwa, na ni nani anayefundishwa kumfuata? Ni saa ngapi kwa juma mwanafunzi aweza kuingia na kuazima? Bodi inayojibu maswali haya itaona mapema mahali panapovuja.

Tunapopokea shehena ya vitabu, tuombe pia msaada wa kuvihudumia, au tutenge fedha zetu kwa kazi hiyo. Tuwe na ujasiri wa kukataa kwa adabu vitabu visivyofaa, kama Luther alivyoshauri. Jina la mtoaji lina mahali pake pa heshima, nalo ni kwenye kibandiko ndani ya jalada. Vyuo vyetu vya theolojia, ambavyo vina maktaba na wakutubi wake, vyaweza kumwazima mtu kwa wiki mbili za likizo afundishe walimu wa shule za jirani. Gharama ni nauli, chakula na karatasi.

Hitimisho

Mtume Paulo, akiwa kifungoni, alimwagiza Timotheo amletee vitabu vyake, naye aliweza kumwambia vipo kwa nani na katika mji gani: kwa Karpo, kule Troa. Alijua alichokuwa nacho na mahali kilipo. Mwanafunzi wetu wa kidato cha tatu hakupata nafasi hiyo, ingawa vitabu vyake vilikuwa chumba kilekile alichosimama. Tuliporudi baada ya muhula mmoja tulikuta rafu ya 580 imeandikwa lebo, na nakala tatu kati ya zile nne zimeazimwa.