MTEPE: CHOMBO KILICHOSHONWA BILA MSUMARI



Ndugu wasomaji, mji wetu huu wa Johannesburg umekaa juu ya mwinuko unaokaribia mita 1,750 kutoka usawa wa bahari, na pwani iliyo jirani nasi, ile ya Durban, iko mbali kwa zaidi ya kilomita 500. Si ajabu basi kwamba mtoto aliyezaliwa Mayfair au Fordsburg, akiulizwa chombo ni kitu gani, hutaja sahani na sufuria. Akijitahidi sana atataja vijimashua vya makasia alivyoviona Zoo Lake. Hana habari kwamba wazee wake walivuka bahari kwa vyombo visivyo na msumari hata mmoja. Makala hii ni kwa ajili yake, na kwa ajili yetu tutakaomsomea.

Chombo chenyewe ni mtepe. Mabingwa wa kuuunda walikuwa Wabajuni na watu wa Lamu, Pate na Faza. Lakini asili ya kushona vyombo katika pwani yetu ni ya kale mno. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza ya Miladi kinataja bandari ya Afrika Mashariki iitwayo Rhapta, na kinaeleza kwamba jina hilo limetokana na mashua za kushonwa zilizokuwa huko. Vasco da Gama naye, baada ya kupita pwani ya Natal wakati wa Krismasi ya mwaka 1497, alifika kisiwa cha Msumbiji mwezi Machi 1498. Mwandishi wa safari yake aliandika kwamba vyombo vya huko vilikuwa vikubwa, havina misumari, mbao zake zimefungwa kwa kamba, na matanga yake ni ya mikeka.

Ulijengwaje? Fundi alianza kwa kulaza mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, kisha akapandisha mbao ubavuni, ubao juu ya ubao. Mbao ziliunganishwa kwa vijiti vya mti vilivyopigwa ndani ya kingo zake. Halafu zikatobolewa matundu kwa keekee na kushonwa kwa kamba za usumba, ule uzi utokao katika makumbi ya nazi yaliyozikwa katika tope la pwani hadi yakalainika, kisha yakapondwa na kusokotwa. Mataruma, yaani mbavu za ndani, yalitiwa baada ya ubavu kusimama, si kabla. Tanga lilikuwa la pembe nne, limesukwa kwa ukili kama mkeka wa kulalia. Gubeti iliinuka mbele kama shingo ya ngamia, imechorwa macho, na wenyeji walisema kuwa ni mfano wa ngamia wa Mtume (S.A.W.).

Huenda msomaji akadhani kwamba wazee walishona kwa sababu hawakujua chuma. La, sivyo. Chuma kiliyeyushwa na kufuliwa katika pwani yetu tangu zamani. Walishona kwa sababu chombo cha kushonwa hulegea kidogo kinapogusa mwamba au kinapopwelewa mchangani, mahali ambapo chombo kigumu hupasuka. Tena mnazi uko kila ufuko: kamba ikikatika, fundi huifumua na kushona upya popote alipo. Hata wafasiri wa Suratul Qamar, aya ya 13, inayotaja safina ya Nabii Nuh (A.S.), wengi wamelifasiri neno "dusur" kuwa ni misumari, na wanalugha wa Kiarabu wamelieleza vilevile kuwa ni kamba za nyuzi za mtende zinazofungia mbao.

Wala hekima hii si yetu peke yetu. Watu wa Inuit, waishio kwenye barafu ya Greenland na kaskazini ya Kanada, huko kusikoota miti, waliunda mtumbwi wao uitwao kayaki kwa vipande vya miti vilivyoletwa na mawimbi. Waliufunga kiunzi kwa kamba za ngozi, na wanawake wakaushonea ngozi za sili kwa mshono usiopitisha maji. Kila mtumbwi ulipimwa kwa mwili wa mwenyewe, kama kanzu kwa fundi cherehani. Sisi tulipewa mnazi, wao wakapewa mnyama wa baharini. Kila umma ulishona kwa kile Mola alichoujaalia.

Mtepe ulikuwa na aibu yake: ulivuja. Safari nzima mabaharia walikuwa wakifua maji. Ulikwenda na kaskazi kutoka Lamu hadi Unguja ukiwa na shehena ya boriti, ukarudi na kusi. Majahazi ya misumari, yenye matanga ya pembe tatu na nguvu ya kubeba shehena nzito, yaliushinda biashara, na kufikia katikati ya karne ya 20 mtepe ulikuwa umetoweka.

Mwaka 2003, Unguja, ulijengwa mtepe mpya kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, ukapewa jina la Shungwaya. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo ilianguka na roho za watu zikapotea. Huko Oman nako, chombo cha kushonwa kiitwacho Jewel of Muscat kiliondoka Maskati mwezi Februari 2010 kikafika Singapore mwezi Julai mwaka huohuo. Yaani ujuzi uliosahauliwa unaweza kufufuliwa, lakini kwa gharama kubwa, na jengo la makumbusho nalo halidumu milele. Ghala lililo salama zaidi ni kifua cha mtoto.

Basi tuwafundishe wanetu walau majina: omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma, foromali ni mti unaoshika tanga, na ngama ni pale chini kabisa ambapo maji yanayovuja hukusanyika, na ambapo baharia huinama na upo wake kuyatoa. Mtoto akishayajua haya, ndipo atakapoielewa methali ya wazee: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sisi tumekwenda omo, tumefika hata Johannesburg. Ngama yetu ni lugha yetu na wazee wetu. Tukiacha kuifua, chombo kitazama tukiwa ndani yake.

Wabillahi tawfiq.