Maji Moto Katika Shamba la Baba

Mtu wa Pwani akiwa shambani akasikia "Maji moto!" hatazami jikoni, hutazama juu mtini, kisha hukimbia. Mimi sikukimbia upesi.

Ilikuwa mwaka 2017, baada ya masika, nimekwenda kufyeka shamba la marehemu baba karibu na Msambweni. Miaka minane halikutiwa panga. Nikakata tawi la mwembe lililoinama, nalo likaniangukia begani pamoja na kitu nilichodhani ni fungu la majani tu. Lahaula! Kabla panga halijafika chini, shingo, kwapa na hata ndani ya kikoi kunawaka moto.

Chungu hawa wekundu hawana mwiba kama nyuki. Huuma kwa meno, kisha hupinda tumbo na kurusha tindikali pale pale penye jeraha. Nyumba yao nayo ni ajabu: wengine huvuta majani yakutane, na wengine huja na watoto wao mdomoni, wakayashona kwa uzi unaotoka kwa hao watoto. Wakubwa wenyewe hawana uzi.

Hayo niliyajua baadaye. Siku hiyo nilitaka mafuta ya taa na kiberiti. Nilikwisha kufunga kitambaa kwenye ufito, ami yangu, aliyekuwa ameketi akichonga mpini wa jembe, akaniuliza:

"Wataka kuwachoma?"

"Ndiyo, ami. Hawatuachi tukafanya kazi."

"Basi kwanza katazame minazi isiyokuwa nao, mwanangu."

Nikaenda. Chini yake vidaka na vitale vimetapakaa, vingine vina makovu yanayotoka utomvu. Minazi iliyopakana na miembe, yenye maji moto hadi kileleni, ilikuwa na makole yaliyojaa.

Niliporudi, ami alinikumbusha hadithi ya yule nabii aliyeumwa na chungu mmoja, akaamuru kijiji chao chote kichomwe, na Mwenyezi Mungu akamlaumu. Nilikuwa nimeisoma chuoni tangu utotoni. Kiberiti kilikuwa mkononi, nikaona haya.

Anayeangusha vidaka ni mdudu mwembamba anayefyonza nazi changa. Bwana Way, Mwingereza aliyechunguza minazi ya Unguja, alichapisha katika miaka ya 1950 kwamba penye maji moto wengi mdudu huyo hapati nafasi. Mwaka 1955 mdudu mwenyewe akapewa jina la bwana huyo.

Lakini lililonigusa zaidi ni jambo jingine. Maji moto wana adui, chungu wadogo wa ardhini ambao askari wao wana vichwa vikubwa, nao hustawi ardhi inapokuwa tupu. Uchunguzi wa mashamba ya michungwa ya Tanzania, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa majani yakiachwa yaote chini ya miti, maji moto huwamudu maadui hao. Nami nilikusudia kuliacha shamba jeupe kama uwanja wa mpira!

Tulifyeka njia, tukaondoa mitambaazi iliyozonga minazi, nyasi tukazipunguza bila kuzing'oa. Matawi ya miembe yanayogusana na minazi hayakuguswa. Hiyo ndiyo barabara yao.

Mkwezi wetu hudai ziada kwa kila mnazi wenye maji moto. Tumekwisha kuteta naye mara nyingi, lakini humlipa, maana si mimi ninayepanda.