Akiba ya Fosforasi Mizizini mwa Mukau

Chimbua mzizi mwembamba wa mti wa mukau popote Kitui au Makueni, uuoshe, uutazame: huoni kitu. Lakini ukichemshwa maabara hadi uwe mweupe, ukatiwa rangi ya buluu na kuwekwa chini ya hadubini, ndani ya seli zake huonekana nyuzi zilizochipua matawi madogo mno. Hiyo ni kuvu. Mwembe unayo, mkwaju unayo, hata mahindi.

Fosforasi haitembei kwa urahisi. Nitrati husafiri na maji, ila fosfeti hung'ang'ania udongo, hasa ule mwekundu wenye chuma kingi, na udongo ukikauka ndiyo husogea kwa shida zaidi. Mzizi ukishamaliza iliyo milimita moja au mbili kandoni mwake, umekwama. Nyuzi za kuvu, nyembamba kuliko unywele, hupita hapo na kufika sentimita kadhaa mbele.

Wengi huishia hapo, wakaiona kuvu kuwa mrija tu. Kwangu mimi, uhondo uko kwenye akiba. Ikipata fosfeti ya ziada, kuvu huziunga moja baada ya nyingine kama shanga uzini, zikawa mnyororo uitwao polifosfeti, na kuuhifadhi katika vifuko vya seli viitwavyo vakuoli. Fosfeti zikirundikana bila kuungwa huvuta maji na kuivuruga seli. Zikiungwa, nyingi hukaa mahali padogo bila madhara. Chembe za polifosfeti zikitiwa rangi iitwayo buluu ya toluidini hugeuka zambarau. Mzigo husafirishwa hadi mzizini, mnyororo ukakatwa, mti ukapokea fosfeti na kulipa kwa sukari na mafuta.

Biashara hiyo ina ujanja wake. Mwaka 2019, Matthew Whiteside, Toby Kiers na wenzao walionyesha kwamba kuvu huihamisha fosforasi kutoka penye nyingi hadi penye uhaba, ambako mizizi huilipia zaidi.

Ukambani, ambako mvua ya vuli ndiyo tegemeo na huweza kukatika ghafla, akiba kama hiyo si jambo dogo. Na mukau hupandwa kwa makusudi: taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, KEFRI, na shirika la ushirikiano la Japani, JICA, walipanda mashamba ya mbegu bora za mti huu Tiva na Kasigau. Mbegu yenyewe ni kazi: lazima kokwa lipasuliwe na ganda likatwe. Baada ya taabu hiyo, usipande mche katika udongo uliochomwa, maana kuvu nayo imekufa. Changanya na udongo uliochotwa chini ya mukau uliokomaa, na mbolea ya fosfeti ya DAP uipunguze. Mti ulioshiba fosfeti hupunguza kuilisha kuvu.