Maandishi Meupe Juu ya Fulana Nyeusi

Ndugu msomaji, itazame kanga ambayo jina lake limetokeza kwa herufi nyeupe. Huenda ukadhani kwamba kiwandani walitumia wino mweupe. La hasha! Kanga ya namna hiyo huchapwa juu ya kitambaa cheupe. Rangi huwekwa kuzizunguka herufi, na weupe unaousoma ni kitambaa chenyewe kilichoachwa bila kuguswa.

Fulana nyeusi haina weupe wa kuachwa. Weupe wote sharti uuweke wewe mwenyewe, na hapo ndipo wengi waanzao kazi hii hukwama.

Tuchukue mfano wa familia ya Lisekese, mjini Masasi, iliyopewa kazi ya kuchapa fulana 20 nyeusi za timu ya mpira. Fulana ni mali ya mteja. Ikiharibika moja, familia hulipa; zikiharibika kumi, faida yote imekwenda, na huenda karo ya watoto nayo ikafuata. Kwa hiyo yafaa kuijua kazi kabla ya kuipokea.

Tuanze na wino. Wino mwepesi unaopendeza juu ya fulana nyeupe hunywewa na nguo nyeusi kama maji yanavyonywewa na mchanga. Ukikauka, hubaki kivuli cha kijivu. Nunua wino mzito, ulioandikwa koponi kwamba ni wa nguo za rangi iliyokolea. Weupe wake hutokana na unga wa titani dioksidi, ambao hufunika rangi iliyo chini. Ukitaka maandishi ya njano, tanguliza weupe huo, kisha njano juu yake.

Fulana nayo iwe ya pamba. Polista ikipata moto huachia rangi yake, ikapanda ndani ya wino. Maandishi meupe juu ya fulana nyekundu huweza kugeuka ya waridi.

Wavu uwambwe juu ya fremu ya mbao kama ngozi ya ngoma. Wavu wa nyuzi 43 kwa sentimita hutumiwa sana kwa nguo, kwani vitundu vyake hupitisha wino mzito. Kata maandishi yako kwenye karatasi ya nta, uibandike chini ya wavu. Fremu uifunge mezani kwa bawaba. Fulana uivike ubao, na ubao ukae kati ya vizuizi vilivyopigiliwa misumari. Kati ya wavu na nguo pawe na nafasi ya milimita 3 hivi, ili wavu unyanyuke mara tu kibao cha raba kinapopita.

Sasa ifuatayo ndiyo siri ya kazi. Anayeanza, aonapo weupe ni hafifu, humwaga wino zaidi na kuvuta raba mara tano. Matokeo yake kingo za herufi huvuja, na wino mnene hupasuka nguo inapovutika. Wewe vuta mara moja au mbili, kwa mkono thabiti. Ondoa ubao bila kuivua fulana, uuanike juani pasipo vumbi mpaka wino usinate kidoleni. Wakati huo, tandaza wino kidogo juu ya wavu ili vitundu visizibe. Kisha rudisha ubao kwenye vizuizi vyake, uchape mara ya pili. Tabaka mbili nyembamba hushinda moja nene.

Wino ukikauka kabisa, funika maandishi kwa karatasi safi, upige pasi kwa muda ulioandikwa koponi. Atumiaye pasi ya mkaa ajihadhari na majivu. Bila moto huu, weupe utaondoka na maji ya kufulia.

Kabla ya kuosha wavu, kwangua wino uliobaki uurudishe koponi. Hivyo utaokoa wino na maji pia. Ndugu zetu wa Newala, juu ya uwanda wa Makonde ambako maji yamekuwa ya taabu tangu enzi za mababu, hawahitaji kuelezwa faida yake.

Mwisho, ndugu msomaji, usiiguse fulana ya mteja kabla hujachapa fulana moja kuukuu ya nyumbani. Ipige pasi, kisha ifue kwa sabuni mara tatu. Weupe ukidumu, anza kazi. Ukitoweka, umepoteza fulana moja kuukuu, wala si 20 za watu.